Elimu ya Waliobaki

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, kijiji hugawanyika kabla ya adhuhuri. Huku vigelegele, kule "poleni". Nimefundisha shule za msingi wilayani Muheza tangu enzi za UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, mpaka nikastaafu, na walionikaa rohoni muda wote huo ni hao wa "poleni". Kwa miaka saba tunawaambia kwamba elimu ni haki ya kila mtoto na kuitafuta ni ibada. Mwaka wa saba tunawatoa mlangoni wakiamini kwamba wao hawanayo hata chembe. Nani katupa ruhusa hiyo?

Mwalimu Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuiacha chaki kwa ajili ya siasa, aliliona jambo hili mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko alilolitoa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, alitaja hesabu inayouma: katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Wale 87 walirudi makwao wakijiona wameshindwa, kwa sababu karibu kila walichofundishwa kilikuwa maandalizi ya safari ambayo hawakuifunga. Alitaka elimu ya msingi ijitosheleze, imfae hata yule ambaye hatavuka hapo.

Mimi ni mmoja wa wasiovuka. Nilimaliza la saba katikati ya miaka ya 1970, jina langu halikusomwa. Nikaokolewa na Azimio la Musoma la 1974, lililoamua kwamba ndani ya miaka mitatu kila mtoto awe darasani. Watoto walikuwa wengi kuliko walimu, kwa hiyo serikali ikatuchukua sisi wa la saba, ikatupa madarasa ya chini tufundishe huku tukisomeshwa kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa mratibu aliyezunguka vijijini. Watu walitusema sana. Lakini watoto wale walijua kusoma na kuandika, na baadhi yao leo ni babu.

Nimesimamia mitihani mingi, na kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi. Nafasi zikiwa chache, mtihani hauna kazi ya kuuliza mtoto anajua nini. Kazi yake ni kupunguza watu. Wote wakipata maswali yote, mtihani umeharibika, na mwakani lazima uje mgumu zaidi. Kwa hiyo kushindwa kwa wengine kumeshaandaliwa tangu karatasi inatungwa. Mtoto anaweza kusoma barua, kupiga hesabu ya riba, kueleza kwa nini maji ya kunywa yachemshwe, na bado jina lake lisisomwe, kwa kuwa mwenzake kamzidi alama mbili na nafasi zimekwisha. Sisi watu wazima tunalijua hilo. Yeye ana miaka 14, na anachosikia ni kwamba hana akili.

Mwenzangu mmoja wa kazini, mtu makini sana, hakukubaliana nami hata kidogo. Ondoa mtihani, alikuwa akisema, uone nani atapata hizo nafasi. Atapata mtoto wa mwenye duka na mpwa wa mkubwa fulani. Karatasi ya mtihani ina namba, haina jina. Anayesahihisha hajui kama baba wa mtoto ana magari au ni mkwezi wa minazi. Na msichana aliyefaulu, baba yake alipata tabu kumwoza, kwa kuwa serikali nzima ilikuwa imeliona jina lake. Nakubali yote hayo. Nimeona mabinti waliookoka kwa karatasi ile, na sitaki ifutwe. Lakini karatasi hiyo inajibu swali moja tu: nani apewe dawati la sekondari. Sisi tumeiachia ijibu na swali la pili, kwamba mtu huyu ni nani na ana thamani gani, na hilo halikuwemo kwenye mtihani.

Nilipokuwa mdogo, asubuhi nilikwenda shule, jioni nilikwenda chuo cha Kurani. Chuoni tulikaa jamvini, kila mtu na juzuu yake, kila mtu na somo lake, sauti zote kwa pamoja. Mwepesi alifika mbali. Mzito alikaa na Alhamdu wiki nyingi, na mwanafunzi mkubwa akapewa kazi ya kumsomesha. Viboko vilikuwepo, na tulihifadhi maneno tusiyojua maana yake. Sitaki kukisifu chuo kwa sifa kisizokuwa nazo. Lakini haikutokea siku maalimu akasimama akasema hawa watano wameijua Alhamdu, waliobaki waende zao. Isingewezekana. Alhamdu husomwa katika kila rakaa, na sala ni faradhi kwa mwepesi na mzito. Kwa kuwa kila mmoja angeihitaji maisha yake yote, maalimu hakutulia mpaka kila mmoja ameipata.

Sasa nauliza: kusoma kipimo cha dawa kwenye chupa ya mtoto mgonjwa si jambo la kila mama? Kujua mkataba unasema nini kabla hujaweka dole gumba si jambo la kila mwenye shamba? Haya nayo ni ya lazima, na anayeyakosa huumia, wakati mwingine hufa. Mambo ya lazima kwa wote hayafundishwi kwa nia ya kuchuja. Yanafundishwa mpaka yamewafikia wote, hata ikibidi mwepesi amshike mkono mzito.

Dawa aliyoiandika Nyerere ilikuwa njema. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi wapange kazi wenyewe, walime, waone faida ya jasho lao. Katika shule niliyosoma shamba lilikuwepo. Waliolilima zaidi ni waliochelewa mstarini, waliopiga kelele na waliokosa hesabu. Aliyejibu vizuri alibaki darasani na kitabu chake, aliyekosea akapewa jembe. Asubuhi paredi tulisikia hotuba ya kusifu kilimo, na saa nne tukaona kilimo kinatolewa kwa nani. Mtoto huamini anachokiona saa nne.

Mwaka jana nilikwenda kununua miche ya michungwa kwa mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mtu mzima mwenye familia. Alinipa shikamoo, akaniwekea kigoda, akaendelea na kazi. Alichuchumaa mbele ya mche wa mlimao uliofikia unene wa penseli. Akafuta kisu kwa kitambaa, akachanja gome shubiri moja hivi kutoka ardhini, mkato mmoja wa kulala na mmoja wa kushuka, kisha kwa ncha ya kisu akaliinua gome taratibu pande zote mbili. Kwenye kijiti cha mchungwa alichagua jicho lililonona, akalikata pamoja na kipande chembamba cha gome, akalisukuma ndani ya ule mkato mpaka likakaa. Akalifunga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, kwa kukaza, maji yasiingie. Hakuligusa lile jicho kwa kidole hata mara moja.

Pembeni palikuwa na daftari la mistari, limeiva kwa mikono. Akaniruhusu nilifungue. Tarehe, mti mama kilikotoka kijiti, miche mingapi imebebeshwa, mingapi imeshika, mvua imenyesha au la. Mwisho wa kila ukurasa amepiga asilimia, hesabu aliyoipata shule ya msingi. Alikuwa ameona kwamba kazi iliyofanywa baada ya mvua hushika zaidi, kwa sababu gome huachia kwa urahisi, na ili asijidanganye alikuwa amejaribu msimu wa kiangazi kwa vijiti vya mti uleule. Nikamwambia, "Mwanangu, huu ni utafiti." Akatikisa kichwa. "Aa, Mwalimu, haya mambo ya shamba tu. Mimi sina elimu."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayetaja kabila lake. Nami ninajua sentensi hiyo kaitoa wapi. Hakuzaliwa nayo, na mama yake hakumfundisha. Tulimpa sisi, na ndiyo iliyomkaa kuliko masomo yote.

Hasara haikuishia kwake. Msimu uliopita walikuja wanunuzi kutaka machungwa yakiwa bado mtini, bei kwa shamba zima, kwa kukadiria kwa macho. Ulipoitishwa mkutano wa kijiji kuzungumzia bei, yeye ambaye anajua kwa maandishi mti wa umri gani hutoa machungwa mangapi alikaa nyuma, kimya. Walizungumza wenye vyeti, kwa ufasaha, na wakakubaliana bei ya kubahatisha. Nilipomuuliza kwa nini hakusimama, alisema wenye elimu walikuwepo. Tunapenda kusema shule hujenga taifa. Hapo shule ilikuwa imemfunga mdomo mtu mmoja aliyekuja na hesabu ya kweli.

Watu wakitaka kuwafariji wa aina yake huwatajia wakubwa waliosoma kidogo. Hapa Tanga humtaja Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliyesoma miaka michache tu Dar es Salaam, akaajiriwa ukarani wa forodha, na maandishi yake yakaja kuwa ya wote wanaosema Kiswahili. Shaaban Robert nampenda. Mfano huo siupendi. Unamwambia fundi wa miche kwamba kubaki kwake kungesameheka kama naye angekuwa mkubwa. Kwa imani yangu thamani ya mtu haingoji ukubwa. Siku ya mizani kila mja ataulizwa alichopewa na alivyokitumia, na mpimaji ni Mmoja. Shule haina budi kuwa na daftari la alama. Likianza kusema mtu ni nani mbele ya watu, limechukua kazi ya Mwenyezi Mungu. Nyerere alikuwa Mkatoliki na alifikia karibu na hapa kwa njia ya usawa wa binadamu. Njia mbili, jambo moja.

Tangu enzi za Nyerere mengi yamebadilika, na kwa kheri. Shule za sekondari za kata zimeenea, na Januari 2016 ada ilifutwa mpaka kidato cha nne. Hata hivyo mstari wa kuchuja haukufutwa, ulisogezwa mbele. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, mpaka serikali ikayafuta matokeo hayo na kuyapanga upya. Mtu hawezi kukaa darasani miaka 11 akajua sifuri. Wengi wao waliulizwa kwa Kiingereza mambo ambayo wangeyaeleza vizuri kwa Kiswahili, na karatasi ikaandika kwamba hawana kitu.

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari: kilimo, ufundi, kazi za mikono zenye cheti. Nimeufurahia kwa moyo wote, na nina hofu nao. Tayari nasikia wazazi, na walimu pia, wakiuzungumzia kama mahali pa kuwapeleka "wale wazito". Ikienda hivyo, litakuwa lile lile jembe la saa nne, safari hii lina mhuri.

Fundi wangu ana binti anayemaliza msingi, na sekondari ya jirani ina mkondo huo. Aliniuliza, "Mwalimu, huko si kwa waliofeli?" Nikamjibu kwamba itategemea nani anafundisha na nani anapelekwa, basi aende kwenye kikao cha wazazi akaulize kama shuleni yupo anayejua kubebesha mche. Kama hayupo, ajitolee yeye. Akacheka, akasema, "Niwafundishe walimu nini mimi?" Nikamwambia achukue daftari lake. Tumebishana hivyo tangu masika. Kikao ni mwezi ujao, na nimemwambia nitakwenda naye, nikae mbele, ili akisimama aone uso anaoujua.