Adhabu Inapokwisha

Tuseme kijana mmoja wa Iyunga, katika jiji la Mbeya, aliiba mali ya watu, akahukumiwa kifungo, naye akakitumikia mpaka mwisho katika gereza la Ruanda. Leo amerudi nyumbani. Anakwenda kuomba kazi kiwandani, anaulizwa alikuwa wapi miaka yote hii. Anaomba barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa, anaambiwa arudi kesho, wala hiyo kesho haifiki. Akisimama kusema neno katika mkutano wa mtaa, watu wanatazamana. Hakimu alimhukumu miaka miwili. Je, ni nani aliyemhukumu maisha?

Wako wasemao: "Aliyevunja sheria amejitoa mwenyewe katika haki za raia." Neno hili lina sehemu ya ukweli. Adhabu ni jambo la haki, na yule aliyeibiwa naye asisahauliwe. Lakini adhabu ya haki ina kipimo. Hakimu hupima kosa, kisha hutaja siku. Ikiwa baada ya siku hizo kwisha majirani huongeza nyingine zisizo na hesabu, basi hawaitii sheria bali wanaivunja.

Tazama sheria zenyewe zinavyosema. Ibara ya 5 ya Katiba ya Tanzania inaliruhusu Bunge kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai. Sheria ya Uchaguzi ilimzuia kila anayetumikia kifungo cha zaidi ya miezi sita, liwe kosa lolote. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua ya kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Na katika uandikishaji wa wapiga kura wa miaka ya 2024 na 2025, vituo viliwekwa hata magerezani, kwa ajili ya mahabusu na wale waliofungwa chini ya miezi sita. Huko Kenya wafungwa walipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, na Katiba iliyopitishwa siku hiyo humnyima kura, kwa sababu ya hatia, yule tu aliyepatikana na kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyotangulia. Basi ikiwa hata aliye ndani ya kuta angali raia, sembuse yule aliyekwisha kutoka?

Dini nayo imelishughulikia jambo hili. Katika Sura An-Nur, wanaowasingizia wanawake wenye heshima huadhibiwa, na ushahidi wao haukubaliwi. Kisha wametolewa wale wanaotubu na kujirekebisha. Wanazuoni walihitilafiana. Wahanafi walisema toba huondoa dhambi, ila ushahidi haurudi. Imamu Malik na Imamu Shafii walisema ushahidi nao hurudi. Na katika Hadithi tunasoma habari za mtu aliyepigwa kwa kunywa pombe. Mmoja wa waliokuwapo alipomlaani, Mtume s.a.w. alimkataza, akieleza ya kwamba kufanya hivyo ni kumsaidia shetani dhidi ya ndugu yao. Adhabu ilikuwa imekwisha kutolewa. Laana ilikuwa ni nyongeza.

Huenda ukauliza: "Je, aliyeiba tumkabidhi sanduku la fedha kesho yake?" La. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo mawili: haki na amana. Kura, kazi ya jasho, kusikilizwa mkutanoni, na kuitwa kwa jina lake, hizo ni haki. Adhabu ikwishapo hurudi zote, wala si hisani yetu. Kushika fedha za watu au kuwaongoza ni amana, nayo hujengwa upya polepole kwa matendo. Hata Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 67, humzuia kugombea ubunge yule aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Miaka hiyo nayo ina mwisho. Lakini ataijengaje amana ikiwa tumemnyima hata haki ya kulima, kufanya kazi na kusema? Anayefungiwa kila mlango wa halali huusukuma ule mmoja ulioachwa wazi, kisha sisi husema, "Tulijua!"

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Nawe, ndugu uliyeacha njia ya zamani ukashika mpya, au ungali ukiitafuta, unalijua jambo hili kuliko wengi. Ulitaka watu wakutazame kwa jinsi ulivyo leo. Je, utamnyima mwenzio kipimo ulichojitakia mwenyewe?

Basi mtafute huyo aliyerudi mtaani kwako. Msalimu kwa jina lake. Akihitaji mdhamini wa kazi, simama naye. Ukiwa wewe ndiwe mwandika barua, iandike leo.