Rangi ya Kwanza na Swali la Uhalisi
Jaguar E-Type, gari la michezo lililozinduliwa Geneva mwaka 1961, halikupakwa vanishi ngumu inayofunika rangi ya magari ya leo, kwa hiyo kila linapong'arishwa kitambaa hutoka na rangi yenyewe, na mwenye kulihifadhi hupunguza kile anachokihifadhi. Kulipaka upya nako huibua swali la kale: Plutarch, mwandishi wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba wanafalsafa walibishana iwapo merikebu ya Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, iliyobadilishwa mbao zilizooza moja baada ya nyingine, ilibaki kuwa ileile. Lakini ubao uliooza haubebi mtu, ilhali rangi iliyofifia mara nyingi bado inalikinga bati, jambo ambalo wapiga rangi hawana haraka ya kulitaja. Palipoingia kutu pakwanguliwe na kupakwa upya. Kwingineko nta inatosha.