TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: STATA YA GARI LA MAREHEMU



Leo naiweka pembeni mada niliyoahidi jana, itakuja kesho inshaallah. Limeletwa swali, na mwenyewe ameniruhusu nilijibu hapa bila kumtaja, kwa sababu mnunuzi anakuja Jumamosi na jibu haliwezi kungoja Idi.

Baba yao amefariki, Allah amrehemu. Ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja, wote watu wazima. Katika alivyoacha mna Peugeot 504. Vijana huenda hamlijui, sisi tulikua nalo tukiliita Pijo. Lilitoka Ufaransa mwaka 1968, na huku kwetu likapata heshima kwa kuvumilia barabara mbovu, hata likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Siku hizi wapo watu wanaoyatafuta kwa mapenzi tu, na wanalipa. Huyo mnunuzi wa Jumamosi ni mmoja wao.

Tatizo ni stata. Likilala usiku, asubuhi ukizungusha ufunguo unasikia "tak" moja, basi. Ukiigonga stata kwa mpini wa nyundo, pengine inakubali. Injini ikishawaka gari halina neno, linakwenda. Sasa kaka mkubwa ametoa shauri: siku hiyo waliwashe mapema, mnunuzi alikute linanguruma. Na liegeshwe pale kwenye mteremko, ili likizimwa kisha likagoma, waliachie lishuke kidogo liwake kwa gia, mambo ya gari la zamani, watacheka pamoja. Hakuna atakayesema uongo. Asipouliza habari ya stata, hatajibiwa. Mdogo wake ndiye aliyeniandikia: je, hii ni haramu, au ni ujanja wa kawaida wa sokoni?

Masheikh wetu walitufundisha kwamba huwezi kukihukumu kitu usichokijua kilivyo. Basi jana baada ya Alasiri nilikaa na fundi umeme wa magari, mwenzetu wa safu ya pili, akanieleza.

Ndani ya stata mna mota ya umeme. Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unakwenda kwenye solenoidi, ile kama kopo dogo iliyopanda mgongoni mwa stata. Solenoidi inavuta chuma, na chuma kinafanya kazi mbili kwa mara moja: kinasukuma kigia kidogo, mafundi wanakiita bendeksi, kikakamate meno ya flaiwili, na kinaunganisha waya mnene wa betri na mota. Hapo ndipo injini inazungushwa. Umeme unaopita ni mwingi, unazidi ampea 100 kwa sekunde hizo chache, na unaingia kwenye ile sehemu inayozunguka kupitia vipande vya kaboni vinavyobanwa na springi. Kaboni zinasuguana na shaba kila unapowasha, miaka nenda miaka rudi. Zinalika. Zikishakuwa fupi springi haizibani tena, umeme haupiti sawasawa, ukasikia solenoidi inagonga na mota kimya. Ukipiga nyundo, kaboni zinashtuka, zinagusa tena, gari linawaka. Leo hiyo. Kesho hujui.

Fundi akaongeza jambo nililolipenda. Alisema stata nyingi zinaonewa. Fundi wa kweli hakimbilii kuifungua: anapima betri kwanza, anasafisha vichwa vyake, anaangalia waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi na injini, kwa sababu kutu ya kichwa cha betri inaweza kuleta "tak" ileile. Kumuuzia mtu stata nzima wakati shida ilikuwa kutu ni hasara kwake, na kama fundi alijua, ni dhuluma. Mafundi mnaosoma hapa, mmesikia.

Kwa gari hili betri ni mpya, nyaya zimekaguliwa, kaboni zimekwisha. Kwa hiyo aibu ipo, na wauzaji wanaijua. Hili ndilo linaloibeba hukumu yote.

Mnaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono katika fungu la chakula, vidole vikakuta umajimaji chini. Mwenye chakula akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha likatoka lile onyo zito kwamba anayeghushi si katika sisi. Angalieni: yule mtu hakusema neno la uongo. Alipanga chakula tu. Kikavu juu, kibichi chini.

Lakini lililo karibu zaidi na Pijo letu ni habari ya mnyama aliyefungwa chuchu. Mtu anataka kuuza mbuzi au ngamia, anaacha kumkama siku kadhaa, kiwele kinajaa, mnunuzi anadhani ana maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) amekataza hilo, na akampa mnunuzi hiari: akishamkama na kuujua ukweli, akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wakapima juu yake mambo mengine. Ukifungua Minhaj ya Imamu Nawawi utakuta mfano wa kinu kinachozungushwa na maji: mwenye kinu anayazuia maji yajikusanye, mnunuzi akifika anayaachia, kinu kinazunguka kwa nguvu ambayo si yake ya kila siku. Hiyo ni haramu, na mnunuzi ana haki ya kurudisha. Nami nasema, kuna tofauti gani kati ya kinu hicho na gari lililowashwa kabla mgeni hajabisha hodi? Mteremko wenu ndiyo yale maji.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza, jibu ni hili: hairuhusiwi. Kumwonyesha mtu kitu kwa namna inayomfanya aamini lisilokuwepo ni kudanganya kwa kitendo. Na sisi tumefunga. Tumefundishwa kwamba asiyeacha kusema uzushi na kuutenda, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji chake. Kuutenda pia kumetajwa.

Kaka yako amekuambia, "Basi tutamwambia tunauza kama lilivyo." Neno hili watu wanalitegemea sana, na haliwabebi. Kwa madhehebu yetu, kusharti kwamba hutawajibika na aibu yoyote hakukuondolei aibu unayoijua ukanyamaza. "Kama lilivyo" iwe baada ya kusema lilivyo.

Hoja yake ya pili ina uzito zaidi, nisiipuuze. Anasema bei ikishuka anayeumia ni mama, yuko edani, hana kipato. Tupige hesabu. Tuseme kutaja stata kutashusha bei kwa shilingi 400,000, na deni la marehemu, ambalo hulipwa kabla ya mirathi, litalipika kwa vyovyote. Mama ana thumuni, yaani 50,000. Zinabaki 350,000, mafungu matano: binti 70,000, kila mwana 140,000. Kwa hiyo katika hasara hii inayolindwa kwa jina la mama, nyinyi wawili mnashika 280,000. Sisemi kaka yako ana nia mbaya. Nasema mama asitumiwe kama ngao. Na zaidi ya hapo, hizo 400,000 si haki yenu iliyopungua. Ni thamani ya stata nzima, nanyi stata nzima hamna.

Halafu fikirieni deni la baba. Mnataka kumfungulia marehemu kifungo chake kwa pesa iliyochanganyika na haki ya mtu mwingine?

Njia ya halali ipo, na si ya hasara kama mnavyodhani. Fundi anasema mwili wa stata na waya zake za ndani bado ni vizuri. Atie kaboni mpya, abadilishe bushi zilizolegea, asafishe shaba, akague meno ya bendeksi. Gharama itoke kwenye mali ya marehemu kwa ridhaa ya warithi wote wanne; mama na dada waulizwe, wasipewe taarifa tu. Wakati stata iko nje, mulikeni tochi meno ya flaiwili. Yakiwa yamelika, hata stata mpya itakwaruza, na kuyabadilisha ni kazi ya kushusha giaboksi, hilo nalo mnunuzi alisikie. Na msijaribu wenyewe kwa kubana matumizi: ule waya mnene una umeme muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, ndiyo maana fundi anaanza kwa kufungua hasi ya betri.

Kama Jumamosi ni karibu mno, uzeni na aibu yake. Mwacheni aje gari likiwa baridi. Azungushe ufunguo mwenyewe, aisikie hiyo "tak", mumwambie ni kaboni na fundi fulani ameona. Wapenzi wa magari haya wengi hutaka stata ileile ya asili ifufuliwe kuliko kuwekewa ya gari jingine, pengine ataona ni kazi ndogo. Akipunguza, amepunguza kwa kujua.

Mwingine ataniuliza: je, kama mtu alishauza kwa njia hiyo mwaka jana? Amtafute mnunuzi amweleze. Na mnunuzi, akishaijua aibu iliyokuwepo kabla ya kununua, ana haki ya kurudisha gari na kupewa pesa yake yote, lakini afanye hima. Kwa madhehebu yetu kuchelewesha bila udhuru, au kuendelea kulitumia baada ya kujua, kunamwondolea haki hiyo. Wakipatana alipwe kiasi fulani abaki na gari, ni suluhu, hakuna ubaya.

Kesho inshaallah, zaka ya dhahabu inayovaliwa. Darsa ya akina mama ni baada ya Adhuhuri kama kawaida, na mwenye swali la mirathi aje na majina ya warithi yameandikwa.

Wassalaamu alaykum warahmatullaah.