Shefu wa Darasa na Beseni la Chokaa

Hadithi hii ni ya kusimuliwa kila mtoto anapochaguliwa kuwaongoza wenzake, na ndani yake hamna mtoto mbaya. Shule yenyewe iko Kakontwe, Likasi, juu ya lile jiwe la chokaa ambalo wanajiolojia wameliita kwa jina la mahali hapa.

Shefu wa darasa la nane alikuwa msichana hodari, aliyechaguliwa kwa sababu ya pasenti zake. Mwalimu, mwenye wanafunzi wengi kuliko madawati, alimpa chaki: aandike majina ya wapiga kelele. Kazi hiyo aliiweza. Kila siku jina la kwanza ubaoni lilikuwa la mvulana mcheshi asiyeweza kutulia kabla hajawachekesha wenzake. Jina lisiloandikwa kamwe ni la kijana mpole wa dawati la nyuma. Kwa kuwa hakumsumbua, Shefu alimsahau.

Ikaja kazi ya kikundi: elezeni chokaa inavyotengenezwa. Shefu aligawa majukumu upesi. Yeye angesoma, rafiki zake wawili wangechora, mcheshi angeshika beseni "ili atulie", na yule mpole angefuta ubao. "Kuna mwenye neno?" aliuliza, huku akiwatazama rafiki zake. Mpole alifungua mdomo, kisha akaufunga. Baba yake ni mchomaji wa chokaa.

Siku ya maelezo Shefu alileta vipande vilivyotoka tanuruni, akiamini chokaa ni chokaa. Hakujua kwamba jiwe hilo likichomwa kwa joto la digrii 900 hivi, hutoka likiwa na kiu kali, na likikutana na maji huchemka na kurusha rojo linalounguza. Akamimina maji. Mcheshi akainamisha uso juu ya beseni ili darasa licheke. Rojo likamruka jichoni.

Sauti iliyosikika juu ya vilio ilikuwa ya dawati la nyuma: "Maji safi! Mumwangie kwa jicho, musiache!" Kijana alimshika mwenzake kichwa, akamwosha bila kupumzika hadi alipopelekwa hospitali. Jicho lilipona, baada ya majuma ya maumivu.

"Ulikuwa unajua?" mwalimu alimuuliza.

"Nilijua, Mwalimu. Baba hakubali hata tukaribie."

"Sasa mbona hukusema?"

"Hakuna mwenye aliniuliza."

Tusimtwike msichana yule lawama zote. Tangu Septemba 2019, Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, watoto wamefurika madarasani, na mwalimu aliyelemewa humkimbilia shefu. Nasi tumewafundisha mashefu hao jambo moja tu: kunyamazisha. Nani alimwambia msichana huyu kwamba mcheshi anataka kazi yenye uzito, tuseme kusimulia mbele ya wote? Mpole naye hujibu vizuri akipewa karatasi na dakika chache kabla mikono haijainuliwa. Na yule mwepesi wa kujibu, ambaye mara nyingi ndiye shefu mwenyewe, inafaa aombwe aulize.

Kugawa kazi hivyo kuliwahi kujaribiwa: mwaka 1971, huko Austin, Texas, shule zilipochanganya watoto wa rangi mbalimbali na ugomvi ukazidi, mwanasaikolojia Elliot Aronson aligawa somo vipande, kila mtoto akapewa kipande chake cha kuwafundisha wenzake. Waliositasita walichekwa mwanzoni. Lakini wenzao walipoona kwamba bila kipande hicho mtihani utawashinda, walijifunza kuuliza kwa upole na kusubiri jibu.

Mwalimu wa Kakontwe hakumvua msichana ushefu. Alimpa daftari: kila Ijumaa aandike jina la kila mwenzake na jambo moja alilojifunza kutoka kwake juma hilo. Ijumaa ya kwanza, karibu nusu ya majina yalibaki bila neno. Jumatatu alianza na hao.