Kufunga Malango Kabla ya Giza

JUMATANO

Soma Nehemia 13:15–22. Nehemia alichukua hatua gani kukomesha biashara siku ya Sabato, naye alizichukua wakati gani?

Nehemia aliporudi Yerusalemu kutoka kwa mfalme Artashasta, alikuta Sabato imegeuzwa kuwa siku ya soko. Watu wa Tiro walileta samaki na bidhaa za kila namna, na watu wa Yuda walinunua. Nehemia aliwakemea wakuu, lakini hakuishia kwenye maneno. Giza lilipoanza kuingia malangoni, kabla ya Sabato, aliamuru milango ifungwe, akaweka watumishi wake kuilinda. Wachuuzi walilala nje ya ukuta mara moja au mbili wakingojea. Alipowaonya, hawakurudi tena siku ya Sabato.

Kisa hiki kinahusu kwanza utakatifu wa Sabato. Hata hivyo, kinamfundisha jambo muhimu mtu aliyetekwa na mazoea ya kununua. Nehemia hakuwaacha wachuuzi waingie, kisha akawaomba watu wasitazame bidhaa zao. Alilishughulikia jaribu likiwa bado langoni.

Fikiria mama anayefanya kazi Dar es Salaam. Kila siku akitoka kazini hupitia Kariakoo, si kwa sababu anahitaji kitu, bali kwa sababu kuzunguka madukani humsahaulisha uchovu na upweke. Akisikia bei imepunguzwa, moyo humwenda mbio. Hununua viatu, kesho kitenge, keshokutwa vyombo. Kufika nyumbani, furaha imekwisha. Huficha mfuko chini ya kitanda ili mumewe asiuone, naye huapa kwamba hatarudia. Mwezi unapoisha, ada ya mtoto haipo, na zaka ameitumia akikusudia kuirudisha. Aibu humletea huzuni, na huzuni humrudisha dukani.

Tatizo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, Emil Kraepelin, aliandika juu ya watu wasioweza kujizuia kununua. Tofauti ni kwamba siku hizi soko halingoji mtu aende mjini. Limo ndani ya simu, kando ya mto wa kulalia, nalo halifungwi usiku.

Soma Isaya 55:1, 2 na Luka 12:15. Mafungu haya yanafunua nini kuhusu kile ambacho moyo wa mwanadamu unakitafuta hasa?

Katika Isaya, Bwana anatumia lugha ya soko. Anawaita wenye kiu waje wanunue bila fedha, kisha anawauliza kwa nini wanatumia fedha kwa kitu kisichoshibisha. Swali hilo halimdhihaki mnunuzi, linamhurumia. Mama yule hana njaa ya viatu. Ana njaa ya kupumzika, ya kuthaminiwa, ya kuwa na mtu wa kumsikiliza. Hakuna duka linalouza vitu hivyo. Naye Kristo alionya kwamba uzima wa mtu haumo katika wingi wa mali zake.

Hapa ndipo Sabato inapokuwa zawadi kubwa. Mara moja kila juma Mungu anamweka mwanadamu mahali ambapo hanunui wala hauzi, lakini bado anapendwa na hapungukiwi kitu. Anajifunza kwamba thamani yake haikutoka sokoni. Lakini lango laweza kufungwa huku moyo umebaki nje pamoja na wachuuzi. Amosi aliwakemea watu waliotamani Sabato ipite ili wauze nafaka (Amosi 8:5). Anayejaza kapu la mtandaoni Ijumaa mchana, kisha akahesabu saa hadi jua lizame Jumamosi, amepumzisha mikono tu.

Kwa hiyo, anayetaka kushinda afunge malango mapema. Abadilishe njia ya kurudi nyumbani. Aondoe kwenye simu programu za maduka na za mikopo ya haraka. Zaka, sadaka, ada na chakula vitengwe siku ile ile mshahara unapoingia. Kitu asichokihitaji leo akiandike kwenye karatasi, angoje juma zima, kisha akitazame tena. Na kama Nehemia alivyoweka walinzi, naye awe na mlinzi: amwambie mwenzi wake ukweli wote, pamoja na madeni. Kwa wengine kifungo hiki ni kizito, nao wanahitaji pia mshauri nasaha au daktari. Kutafuta msaada huo si upungufu wa imani.

Tena, Nehemia alipokwisha kuyafunga malango na kuweka walinzi, hakujisifu. Aliomba Mungu amkumbuke na kumhurumia kwa kadiri ya wingi wa rehema zake (Nehemia 13:22). Aliyeanguka jana dukani anaweza kuomba ombi hilo hilo leo, nalo litasikiwa.

Ni lango gani maishani mwako limebaki wazi hadi giza linapoingia? Unaweza kumwomba nani akusaidie kulilinda juma hili?