Nyasi za Intumba
Wafipa walikuwa wakifukia nyasi kabla neno kaboni halijafika Sumbawanga. Wakati wa mvua huzilima kwa jembe na kuzifunika katika matuta ya duara, intumba, zioze humo. Msimu unaofuata matuta husambazwa, ulezi ukapandwa. Sehemu ya kaboni ya nyasi hubaki udongoni.

Biashara ya kaboni hulipia badiliko tu. Aliyekuwa akichoma nyasi akiacha leo, analipwa; anayezifukia kama bibi yake hapati kitu. Mantiki naielewa: fedha isiyobadilisha kitu haipunguzi joto. Lakini hiyo ni hoja ya matumizi ya fedha, si ya haki (na mara nyingi tunazichanganya). Mwanamke wa Nkasi akiuliza, “Kwa hiyo niache kwanza, ndipo nilipwe?”, tutamjibu nini?