Dhuluma Isiyo na Dhalimu

Katika fikra zilizozoeleka za maadili, ziwe za dini au za falsafa, dhuluma huhesabiwa kuwa tendo lenye pande mbili, dhalimu anayetenda na mdhulumiwa anayetendewa, kiasi kwamba pale yanapoonekana maumivu lakini hauonekani mkono ulioyaleta, wengi huyaita kadari au uvivu wa aliyeumia. Filamu ya Hubert Sauper wa Austria, Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004 na ambayo ni filamu ya makala, yaani isiyoigizwa, inaitikisa dhana hiyo kwa kuonyesha biashara ya sangara jijini Mwanza.

Sangara alipandikizwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, samaki wadogo wa asili, hata aina nyingi zikatoweka. Kisha akawa bidhaa ya kiwandani, ambako minofu yake hupakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki, huanikwa, hukaangwa na kuuzwa kwa wenyeji. Mvuvi anatafuta bei, mwenye kiwanda soko, rubani mshahara, na maofisa wa Ulaya wanakagua kiwanda na kuridhika. Mlinzi wa usiku, ambaye silaha yake ni mishale yenye sumu, anaitazama vita kama nafasi ya ajira. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye kadhi au padri angeweza kumtajia kosa linalolingana na ukubwa wa madhara yanayoonekana.

Hata hivyo, filamu yenyewe haikustahimili hitimisho hilo, kwani mara kwa mara inarudi kuuliza ndege zile zinakuja na shehena gani, ikidokeza silaha, kana kwamba bila mfanyabiashara wa bunduki mashitaka yasingekamilika. Mwaka 2006, filamu ilipokuwa imekwisha kupendekezwa kuwania tuzo ya Oscar, Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwa kuipaka nchi matope, na mjini Mwanza yakafanyika maandamano ya kuipinga. Pande zote mbili, ingawa zilikinzana, zilifanya kazi moja ya kumsaka dhalimu: mmoja ulimtafuta ndani ya ndege, mwingine ukamwona nyuma ya kamera.

Dar es Salaam inalionyesha tatizo hilo bila ndege wala silaha. Masaki ya wenye uwezo na Tandale ya walalahoi zimo katika manispaa moja ya Kinondoni, na kule Mbagala na Tandika, upande wa Temeke, miguu, vichwa na utumbo wa kuku ni kitoweo cha wengi, wakati nyama yenyewe ina walaji wengine. Mpangaji hutakiwa kulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, pamoja na ujira wa dalali, lakini mwenye nyumba aghalabu si bepari bali ni mjane ambaye nyumba yake ya Kiswahili, yenye vyumba vinavyotazamana koridoni, ndiyo pensheni yake pekee. Mpangaji huyo, akikosa fedha za mkupuo, huangukia kausha damu, mikopo ya riba kubwa inayorejeshwa kila siku au kila wiki kwa dhamana ya friji au kitanda. Hapa mkopeshaji anatenda dhambi inayojulikana, maana riba imeharamishwa waziwazi katika Uislamu na ililaaniwa na Kanisa kwa karne nyingi. Lakini akiondolewa yeye peke yake, kodi ya miezi sita inabaki palepale.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwahi kujibu swali la dhalimu ni nani kwa miiko ya viongozi, iliyowazuia kupangisha nyumba, kuwa na hisa na kupokea mishahara miwili, na lugha ya wakati ule, yenye kupe na mirija, ilimpa unyonyaji sura ya mtu. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza miiko hiyo. Ni haki kuilaumu hatua hiyo, ila miiko haikuwa na jibu kwa mjane wa Temeke.

Mwanafalsafa wa Marekani Iris Marion Young alitenganisha hatia na wajibu, akishikilia kwamba anayeshiriki katika mfumo unaoumiza wengine ana wajibu wa kuurekebisha hata kama hana hatia. Fikra hiyo ni ya siku za karibuni tu kwake. Wanazuoni wa fiqhi, ambayo ni elimu ya sheria za Kiislamu, walikwisha kuiwekea mlango katika fardhi kifaya, wajibu ambao wakiutekeleza baadhi wengine husamehewa, na usipotekelezwa jamii nzima hupata dhambi. Mfano wake wa kila siku ni kuzika maiti, lakini mwanazuoni Ghazali aliingiza humo hata utabibu na kilimo. Hapa dhambi ipo bila kumhitaji aliyeua.

Pingamizi zito ni kwamba mazishini maiti na jirani wanajulikana, ilhali mnyororo wa minofu unavuka mabara. Fiqhi hujibu kwamba wajibu huanza kwa mwenye ujuzi na uwezo aliye karibu, kisha husogea kwa anayefuata. Kwa hiyo mtazamaji wa Ulaya aliyedhani amejitoa kwa kuacha kula sangara alijitakasa yeye tu, na mvuvi akabaki na samaki asiye na mnunuzi. Katika Tanzania, kitu kinachokaribia fardhi kifaya ndani ya sheria ya dola ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hukopeshwa bila riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea mwaka 2024, na sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito; lakini kodi za vyumba hazikusimamishwa katika kipindi hicho, na kwa kipimo cha fardhi kifaya deni la miezi ile haliko kwa mkopeshaji wa kausha damu peke yake, bali linawafikia pia wenye uwezo wa Masaki, misikiti na parokia zenye mifuko ya sadaka, ambao hawakuwa wamemdhulumu mtu yeyote.